Nimeacha kutua kwa kisigino, sasa siwezi kushuka ngazi

Shikamoo Kocha,

Nina miaka 36 na huu ni mwaka wangu wa nne wa kukimbia. Natoka siku nne kwa wiki, jumla kama kilomita 30. Sijawahi kushinda chochote wala sitafuti kushinda. Nakimbia kwa sababu nisipokimbia nakuwa mkali nyumbani, na mke wangu ni shahidi.

Tatizo lilianza na video. Rafiki ninayekimbia naye alinirekodi kwa simu kutoka ubavuni. Tulipoirudia polepole tukaona kisigino changu ndicho kinachotangulia kugusa ardhi, tena mguu ukiwa umenyooka mbele yangu. Akaniambia hiyo ndiyo breki, na ndiyo maana goti la kulia hunisumbua nikipita kilomita kumi. Nikaenda kusoma, nikakuta wengi wanasema hivyohivyo: binadamu hakuumbwa kutua kwa kisigino, hayo tumeletewa na viatu vinene. Nikashawishika. Nikanunua viatu bapa kabisa (vya zamani kisigino kilikuwa juu kuliko vidole kwa milimita 10), na tangu siku ile natua kwa sehemu ya mbele ya wayo tu. Kilomita sikupunguza, maana pumzi ninayo.

Siku ya kwanza nilijiona swala. Asubuhi ya pili yake nilishuka ngazi kinyumenyume nimeshika ukuta. Nikasema ni ugeni, yataisha. Leo ni wiki ya tatu. Mashavu ya miguu yote miwili ni magumu kama gogo. Yanalegea kidogo nikipata joto, jioni yanarudi yalivyokuwa. La kushoto lina la ziada: upande wa ndani kuna mahali padogo, kama upana wa kidole gumba, panaponichoma nikisimama kwa vidole. Palianza Jumanne iliyopita nikiwa kwenye mwinuko, ghafla, kama mtu amenirushia kokoto. Hapajavimba. Nimeendelea kukimbia, ila nachechemea.

Cha ajabu, goti haliumi kabisa! Kwa hiyo nusu ya akili yangu inasema nimepona, nusu inasema nimeumia. Rafiki yangu anasema hiyo ni asidi tu imejaa kwenye misuli, nivumilie na nijinyooshe sana. Kila usiku nasimama ukingoni mwa ngazi, visigino vikining'inia. Saa yangu nayo inanisuta: kilomita niliyokuwa naikimbia kwa dakika sita sasa ni sita na nusu, na nahema zaidi.

Niendelee kuvumilia, au nirudi kwenye kisigino changu? Na hivi viatu nivifanyeje?

Mshuka Kinyumenyume

*

Marahaba, mdogo wangu.

Naanza na mguu wa kushoto kabla ya habari za kisigino, kwa sababu umenieleza mambo mawili ukadhani ni moja.

Ugumu wa miguu yote miwili, ule unaolegea ukipata joto, ni uchovu wa misuli iliyopewa kazi isiyoizoea. Hapo sina wasiwasi mkubwa. Lakini maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja, yaliyoanza ghafla kwenye mwinuko kama umepigwa kokoto, hayo siyaiti uchovu. Nyuzi za msuli huchanika hivyo, na upande wa ndani wa shavu, kuelekea pale msuli unapoungana na kano, ndipo hasa panapopenda kuachia. Mguu wako sijaushika na sitajifanya daktari kwa barua, ila mwanariadha akiniletea maelezo hayo uwanjani namvua viatu saa ileile.

Kwa hiyo acha kukimbia. Acha na huko kuning'iniza visigino ngazini, maana kilichochanika hakiungani kwa kuvutwa kila usiku. Wala usimeze dawa ya maumivu ili upate kutoka. Utakuwa umemziba mdomo mlinzi. Tembea kadiri mguu unavyoruhusu, baiskeli nyepesi ukiwa nayo, kuogelea ukiweza. Utarudi mbioni siku utakayoweza kutembea haraka nusu saa bila kuchechemea, ukainuka kwa vidole vya mguu huo mmoja mara ishirini bila kuchomwa, ukarukaruka juu yake bila kusita. Wiki ikipita bila nafuu, au kisigino kikikataa kabisa kuinuka, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Na nasema hili kwa kila anayesoma, si kwako tu: shavu la mguu mmoja likivimba, likawa la moto na kubadilika rangi, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa au baada ya upasuaji, asilikande mtu. Ni hospitali siku hiyohiyo. Damu inaweza kuwa imeganda ndani ya mshipa, na bonge likisafiri hadi mapafuni linaua. Ukisikia mlio wa kitu kukatika juu tu ya kisigino, ni hospitali pia.

Ya kutisha yameisha. Sasa turudi kwenye ile asidi ya rafiki yako.

Msalimie, lakini hiyo asidi haina kosa. Ile inayozalishwa ukikimbia kwa nguvu huondoka kwenye misuli ndani ya saa moja hivi ukishapumzika. Haina namna ya kukungojea ngazini asubuhi ya pili. Kinachouma siku ya pili na ya tatu ni uharibifu mdogomdogo wa nyuzi, na hutokea zaidi msuli unapolazimika kufanya kazi huku unarefushwa. Fikiria mtu anayeteremsha ndoo kisimani kwa kamba. Haivuti, anaizuia isiporomoke, na kamba inamkata viganja vilevile. Ukitua kwa mbele ya wayo, kisigino kinataka kushuka na misuli ya shavu inakizuia kisishuke kwa kishindo. Ndiyo hiyo kamba. Ukishuka ngazi ni kamba ileile tena, ndiyo maana kinyumenyume ulipata nafuu. Na kujinyoosha hakupunguzi maumivu ya aina hii kwa kiasi cha maana, uvute usivute.

Goti nalo limenyamaza kwa nini? Wengi hapa hujidanganya. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Goti lako lilikuwa limebeba mzigo miaka minne, ukautazama ukauona kama usufi, ukauchukua wote na kuutwika mashavu ya miguu siku moja. Uzito wenyewe haukupungua hata ratili. Anayetua kwa kisigino huupeleka zaidi gotini, anayetua kwa mbele huupeleka kwenye kifundo, kwenye kano ya kisigino na kwenye misuli ya shavu. Namna ya tatu, ya kutoupeleka popote, mpaka leo sijaiona.

Na mzigo wenyewe si mdogo. Shavu la mguu lina misuli miwili mikubwa: wa nje, wenye vichwa viwili, ndio unaouona kwenye kioo, wa ndani, mpana na bapa, umejificha chini yake. Huo wa ndani ndio punda wa mkimbiaji. Mtu akikimbia, msuli huo hubeba nguvu ya mara sita hadi nane ya uzito wa mwili wake, kila hatua. Sasa piga hesabu nami. Kwa kilomita ya dakika sita, na hatua kama 165 kwa dakika, kila mguu hutua karibu mara 500. Kilomita 30 kwa wiki ni mara 15,000. Kwa wiki tatu umeuomba kila mguu kazi ngeni mara 45,000, na juu yake ukauondolea zile milimita 10 za kisigino, yaani kila hatua msuli unavutwa mbali zaidi ya ulivyozoea. Pumzi unayo, nakubali. Moyo na mapafu hujifunza upesi. Misuli huchukua wiki, na kano huchukua miezi. Umeuliza mapafu swali lililowahusu kano.

Nadhani pia kuna kosa jingine, japo hukulitaja. Unasema unatua kwa mbele ya wayo "tu". Nakuuliza: kisigino chako kinagusa ardhi baada ya hapo? Naweka dau kwamba hakigusi. Wanaojifunza kwa video hukimbia juu ya vidole kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama mwizi aliyeingia ndani wenye nyumba wamelala. Sivyo. Hata wale wanaotua kwa mbele kwa kuzaliwa nako, katika mwendo wa masafa marefu huacha kisigino kishuke kibusu ardhi kidogo kabla mguu haujasukuma. Busu hilo la sehemu ndogo ya sekunde ndilo linaloupa msuli wa ndani nafasi ya kupumua. Ukilinyima, shavu linafanya kazi bila kupewa hata nukta ya mapumziko. Wanaokimbia visigino vikiwa hewani muda wote ni wa mita 100, na wao humaliza kabla hujafunga kamba za viatu.

Kuhusu binadamu kuumbwa hivi au vile, nina la kukiri. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu wakimbiaji waliozoea kwenda peku: wengi wao walitua kwa mbele, na ule mshindo wa ghafla wa mguu kugonga ardhi ukawa karibu haupo. Mimi niliusoma, nikawa mhubiri. Kila aliyepita mbele yangu nilimwambia aache kisigino. Baadhi yao walinirudia baada ya mwezi wakichechemea kama wewe, na sikuwa na jibu zaidi ya "vumilia". Utafiti ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyeongeza chumvi, maana kutokuwepo kwa mshindo si sawa na kutokuwepo kwa majeraha. Mwaka 2013 ukatoka mwingine, wa Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliokua bila viatu. Kwa mwendo wao wa kawaida wa masafa, karibu robo tatu ya hatua zao zilitua kwa kisigino. Walipoongeza kasi, ndipo wengi wakasogea mbele. Peku wale, na kisigino kilekile.

Na mabingwa? Katika nusu marathoni ya Sapporo, Japani, mwaka 2004, watafiti walipiga picha wakimbiaji 283 kwenye alama ya kilomita 15. Karibu asilimia 75 walitua kwa kisigino, asilimia 24 hivi kwa katikati ya wayo, na wa mbele kabisa hawakufika asilimia mbili. Miongoni mwa 50 wa kwanza, wa katikati ya wayo waliongezeka hadi asilimia 36, lakini wa kisigino bado walikuwa wengi. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma mwaka 1960 akiwa peku, na kila mtu hulikumbuka hilo. Wachache hukumbuka kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, amevaa viatu, na muda ukawa bora kwa dakika tatu. Ukiona vyaelea vimeundwa: miguu ile ilikuwa na miaka ya matayarisho ambayo wewe ulitaka kuyapata kwa kubadili jozi ya viatu.

Sasa ile video yenu. Mliangalia wayo, na wayo ndio wa mwisho kuangaliwa. Sentensi yako muhimu kuliko zote uliipitia kwa haraka: "mguu ukiwa umenyooka mbele yangu". Ugonjwa ni huo. Kisigino kinachotua karibu na chini ya nyonga, goti limekunjwa kidogo na muundi wa mguu uko wima, hakina ubaya wowote. Kisigino kilekile kikirushwa mbele, goti limenyooka, kinakuwa breki kweli, na rafiki yako hapo alisema kweli. Ila dawa ya hatua ndefu ni kuifupisha hatua. Ukiiacha ndefu ukageuza wayo tu, unatua palepale mbali kwa vidole, na huko ni kubaya kuliko ulikotoka.

Kuifupisha hakuhitaji kufikiria miguu kabisa. Ukishapona, siku moja ukiwa kwenye mwendo wako wa kawaida, hesabu mguu wa kulia unagusa chini mara ngapi kwa nusu dakika, zidisha kwa nne. Tuseme umepata 160. Ongeza asilimia tano tu, uwe 168, kasi ikiwa ileile. Huwezi kufanya hivyo bila hatua kurudi chini yako, na mguu utachagua wenyewe pa kutua. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuongeza hatua kwa asilimia tano hadi kumi juu ya kiwango cha mtu mwenyewe hupunguza mzigo wa goti na nyonga. Sema lile goti lako la kulia lilikuwa likiomba hili, si viatu. Usiifukuzie namba 180 unayoisikia kila kona. Inatokana na kocha Jack Daniels aliyehesabu hatua za wanariadha wa Olimpiki ya 1984, watu walio mashindanoni, kwa kasi ambayo mimi na wewe tungeishika kwa nusu dakika tukaomba maji.

Kwa hiyo ndiyo, rudi kwenye kisigino chako na viatu vyako vya zamani. Wala usione haya. Kasi uliyopoteza itarudi navyo pia, maana mwili hulipa gharama kwa kila mwendo mgeni, na hakuna ushahidi kwamba kutua kwa mbele kunamwokolea nguvu mkimbiaji wa mwendo wako.

Ukirudi, usirudi na kilomita 30. Anza kwa kuchanganya, dakika mbili kukimbia na moja kutembea, kwenye tambarare, siku moja kati ya mbili. Milima ije mwisho kabisa, kwa kuwa kwenye mwinuko shavu hufanya kazi maradufu. Ile hesabu ya hatua ifanye dakika tano za mwanzo, misuli ikiwa mibichi. Wengi huiweka mwishoni kama kiburudisho, wakati miguu imechoka na kila kitu kinaharibika.

Na jenga mashavu yenyewe, hili ndilo ningekupa hata kama usingeniuliza. Simama, inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, shuka polepole kwa kuhesabu tatu. Mara 15, pumzika, rudia hadi seti tatu. Kisha fanya zilezile magoti yakiwa yamekunjwa, kwa sababu goti likinyooka anayefanya kazi zaidi ni msuli wa nje, na likikunjwa kazi inamwangukia yule punda wa ndani ambaye karibu kila mtu humsahau. Siku moja kati ya mbili inatosha. Ikishakuwa rahisi, hamia mguu mmoja mmoja. Kwa upande wa kushoto usianze mpaka ule mchomo uishe ukiwa unatembea, na mchomo ukirudi, rudi nyuma. Mkimbiaji wa miaka yako ninapenda afike 25 kwa mguu mmoja bila kuyumba. Ukijaribu wa kulia leo, nadhani utashangaa unaishia wapi.

Baada ya miezi mitatu ya hayo, kama bado moyo unakupeleka kutua mbele kidogo, niandikie tupange. Huenda hutataka tena.

Viatu bapa usivitupe. Vivae nyumbani ukitembea, nusu saa kwanza, na kano zako zitavizoea bila wewe kuzidisha uzito wa mwili mara nane. Ukianza kusikia maumivu ya mfupa juu ya wayo, yanayouma ukigusa sehemu moja, vivue na uone daktari, maana mifupa myembamba ya wayo nayo hupasuka kwa mzigo wa ghafla.

Na yule rafiki mwenye simu, mwite tena mwezi ujao. Aiweke kamera kwenye kimo cha nyonga yako, akurekodi ukiwa umeshakimbia dakika kumi, si ile ya kwanza ambayo kila mtu hukimbia vizuri akijua anatazamwa. Mkiirudia polepole, funikeni wayo kwa kidole kwenye kioo cha simu, mtazame goti na muundi peke yake.